Kompyuta ya ofisi, Linux na Kodi kwenye televisheni ya sebuleni: uzoefu wangu Lubumbashi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda. Kwa video za H.264, mtindo wa kawaida wa kubana video, kompyuta hii ya ofisi niliyoigeuza ya kuchezea filamu inatosha na kubaki. Kama shida yako ni filamu za 4K za HEVC, mtindo uliofuata baada ya H.264, usiinunue, hata wakikushushia bei.

Ni kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, prosesa ya Intel Core i5-4590T, RAM ya GB 8, bila kadi ya picha ya pembeni. Niliipata hapa mjini kwa chini ya dola 100. Inajificha nyuma ya televisheni na hula umeme kidogo. Angalia mgongo wake kabla ya kulipa: yangu ina tundu la DisplayPort na la VGA, HDMI hakuna. Hesabu basi na bei ya waya wa DisplayPort kwenda HDMI. Muuzaji atataka kukupa wa VGA kwa sababu ni rahisi, lakini VGA haipitishi sauti.

Niliweka Debian 12, ambayo ni aina ya Linux, na Kodi, programu ya kuchezea filamu kwenye televisheni. Filamu ya kwanza, feni ikaanza kulia na mdogo wangu akasema kutoka kochini, "Yaya, picha iko inakatakata." Hapa ndipo watu hutupa lawama kwa Linux na kurudi Windows. Kuna njia ya kujua. Video ikiwa inacheza, bonyeza herufi O kwenye kibodi: Kodi itakuandikia juu ya skrini nani anafanya kazi ya kusimbua, yaani kuifungua video iliyobanwa. Yangu iliandika ff-h264, basi, maana yake prosesa ndiyo inabeba mzigo wote huku chipu ya picha imekaa bure. Amri ya vainfo, inayoorodhesha aina za video ambazo chipu ya picha inaweza kuzifungua, ikamaliza ubishi. Ilijaribu draiva (programu ya kuiongoza chipu) ya iHD, ikashindwa. Ikatafuta i965, haikuikuta. Sababu ni kwamba iHD ni ya chipu za Intel kuanzia Broadwell, yaani kizazi cha tano, na hii yangu ni Haswell, kizazi cha nne, ambayo hutegemea i965. Mstari mmoja tu:

sudo apt install i965-va-driver

Nikawasha tena, nikabonyeza O, ikaandika ff-h264-vaapi: VAAPI ni njia ya Linux ya kuipa chipu ya picha kazi hiyo. Feni ikanyamaza. Ubora wa picha haukubadilika hata kidogo, ila mwendo ukawa laini, na prosesa ikabaki haina kazi.

Isome vizuri na orodha ambayo vainfo inaitoa baada ya hapo, kwa sababu ndiyo inayosema ukweli kuhusu ulichonunua. Kwenye yangu kuna MPEG-2, kuna VC-1, kuna H.264. HEVC haimo, na hakuna draiva itakayoileta, kwa kuwa chipu yenyewe haikutengenezwa nayo. Intel waliweka HEVC ya biti 8 kwenye kizazi cha sita, na ya biti 10, ambayo ndiyo filamu nyingi za 4K hutumia, kwenye kizazi cha saba. HEVC ya 1080p inapita kwangu kwa jasho la prosesa. Ya 4K inasimama, sauti inatangulia, unabaki na hasira.

Kilichonichukua muda kuliko vyote kilikuwa mpira. Mdogo wangu ana rekodi ya televisheni ya TP Mazembe ikiifunga Internacional ya Brazil 2-0 mwaka 2010, ile mechi iliyoipeleka fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na katika nyumba hii mashine isiyoionyesha vizuri haina nafasi. Kila mchezaji akikimbia, miguu yake ilichanika mistari ya mlalo kama meno ya chanuo. Faili haikuwa imeharibika. Matangazo ya zamani yalirushwa kwa nusu picha: mistari ya namba witiri kwanza, ya shufwa baadaye, mara 50 kwa sekunde, na televisheni za wakati ule ziliifahamu kazi hiyo. Kodi lazima uiambie. Mechi ikiwa inacheza, fungua mipangilio ya video, tafuta sehemu ya deinterlace, inayozigeuza nusu picha hizo kuwa picha kamili, chagua VAAPI-Bob au mojawapo ya zile zinazofuata mwendo. Kisha ruhusu Kodi ibadilishe kasi ya skrini kulingana na video, ili televisheni ishuke hadi Hz 50. Ukiiacha kwenye 60, pasi ndefu inavuka uwanja kwa kurukaruka. Sasa unauona mpira ukizunguka.

Sauti: chagua HDMI kwenye mipangilio ya Kodi, na idadi ya chaneli iwe 2.0 kama televisheni yako ina spika mbili tu. Ukiweka 5.1, muziki unasikika na maneno ya waigizaji yanapotea. Kingo za picha zikikatwa, dawa iko kwenye menyu ya televisheni, si ya kompyuta. Rimoti ya televisheni haiiongozi kompyuta ya aina hii. Natumia programu ya Kore kwenye simu, kupitia Wi-Fi ya nyumbani, na haigusi megabaiti zako hata moja.

Baadaye niliiacha Debian nikahamia LibreELEC 12, Linux ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya Kodi tu, inayokuja na Kodi 21. Si kwamba Debian ilinikosea. Umeme wetu unakatika bila kuaga, na LibreELEC huhifadhi mfumo wake kwenye faili ya kusomwa tu, haiandikwi juu yake. Ukikatika katikati ya filamu, mfumo unabaki salama. Kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo haujaanza, nimeweka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Mama mkwe anaweza kuangalia tamthilia yake bila kuniita, na hilo kwangu ni zaidi ya 4K.

Nimeshamwagiza muuzaji yuleyule anitafutie nyingine yenye i5-7500T, ya chumba cha watoto. Kwa prosesa hizi zenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Nitaisoma kwenye skrini ikiwa imewashwa, kwa sababu kibandiko cha nje hubanduliwa na kuhamishwa, ndipo nitoe pesa.