Kununua Triumph Bonneville ya zamani: ipi ya kuchukua, ipi ya kuacha

Madalali wa pikipiki za zamani wana kauli mbili wanazozitegemea kuliko zote: "injini haijafunguliwa" na "namba zinalingana". Wanunuzi wengi wakizisikia hizo, mkono unaenda mfukoni. Mimi nasema ya kwanza si sifa kubwa kama inavyodhaniwa, na ya pili ndiyo inayoghushiwa kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo orodha hii sikuipanga kwa rangi, mwaka wala mng'aro wa kromu. Nimeipanga kwa historia ya injini na ukweli wa namba, kuanzia pikipiki ninayoitaka zaidi hadi ile nisiyoigusa hata kwa bei ya kutupa.

Ninayoizungumzia ni Bonneville T120, ile ya sisi (cc) 650 yenye silinda mbili iliyoundwa Meriden, karibu na Coventry nchini Uingereza, kuanzia 1959 hadi katikati ya miaka ya 1970. Ndiyo ninayoulizwa sana, na wenzetu wanaoishi Uingereza na wengine walio nyumbani wanaotaka kuagiza.

Kwanza zijue namba zenyewe

Namba ya injini imegongwa upande wa kushoto, kwenye kibao kilichoinuka kidogo cha kasha la injini, chini tu ya silinda. Namba ya fremu, ambayo sisi tumezoea kuiita chesisi, iko upande huohuo wa kushoto, kwenye shingo ya fremu chini ya usukani. Kiwanda cha Triumph kilizigonga zikiwa sawa: pikipiki moja, namba moja, sehemu mbili.

Tangu 1963, injini na giaboksi zilipounganishwa katika kasha moja, namba zilianza na DU. Katika msimu wa 1969 zikaja herufi mbili, ya kwanza ya mwezi na ya pili ya mwaka wa modeli. Miezi, kuanzia Januari hadi Desemba, ni A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X. Miaka ni C kwa 1969, D kwa 1970, E kwa 1971, G kwa 1972, H kwa 1973, J kwa 1974 na K kwa 1975. Kwa hiyo JD ni pikipiki iliyoundwa Agosti 1969 ikauzwa kama modeli ya 1970. Angalia herufi zilizorukwa: F, I, L, M na O hazimo. Ukiona namba inayoanza na MD, aliyeigonga hakuwa Meriden. Na mtu akikuuzia "Bonneville ya 1967" yenye herufi JD, basi injini si ya mwaka huo, hata fremu iwe ya kweli.

Nafasi ya kwanza: iliyofunguliwa ikatengenezwa vizuri, yenye namba zake na risiti zake

Wengi wataniuliza kwa nini siiweki juu ile ambayo haijawahi kufunguliwa. Jibu liko ndani ya krankshafti, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni. Injini hii haikutoka kiwandani na filta ya oili kama ya gari la leo. Ina vichujio vya waya tu. Uchafu laini unaopita hapo hunaswa na mrija ulio ndani ya krankshafti, unaoitwa mrija wa tope, na kadiri injini inavyozunguka ndivyo uchafu unavyobanwa na kuganda humo. Mrija ukijaa, oili haifiki vizuri kwenye konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, na siku moja bearing za konrodi zinakufa barabarani. Mrija huo hausafishiki bila kuishusha injini na kuipasua yote. Basi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: krankshafti ilitolewa, na mrija wa tope ulisafishwa? Fundi aliyefanya kazi hiyo anaikumbuka. Muuzaji anayejibu "tulibadilisha pistoni na ringi" amekwambia kwamba injini ilifunguliwa juu tu, na huo si ukarabati wa kulipia bei ya ukarabati.

Swali la pili ni saizi. Silinda ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 71, na ikichongwa huwekewa pistoni kubwa zaidi, ambazo kwa kawaida zimeandikwa juu yake +020 au +040, yaani sehemu za elfu moja za inchi. Chomoa plagi, ingiza kamera ndogo ya simu, usome mwenyewe. Silinda iliyokwisha kufika +040 si mbaya, lakini imebakiwa na nafasi ndogo ya kuchongwa tena kabla haijahitaji kuwekewa slivu, yaani ganda jipya la ndani. Risiti ya karakana iliyochonga silinda na krankshafti ina thamani kuliko picha mia za pikipiki ikiwa mbele ya ua la waridi.

Baada ya hapo zunguka injini kwa tochi. Nyuma ya sproketi ya giaboksi, ile gia inayovuta mnyororo, upande wa kushoto, ndipo mnyororo unapokatika hujikusanya na kupasua kasha. Pakichomelewa, chuma cha kasha hubadilika sura: pale ambapo pangekuwa na ukwaru wa kumiminwa utakuta ulaini wa msasa, au rangi ya fedha iliyopuliziwa. Aluminiamu ya injini hii haikupakwa rangi kiwandani, kwa hiyo rangi ya fedha ni swali linalodai jibu. Si kila uchomeleaji ni dhambi. Aliyechomelea vizuri akakuonyesha picha za kazi amekutendea haki, aliyeficha hajakutendea. Tazama pia chini ya injini penye namba ndogo zilizogongwa kwenye nusu mbili za kasha. Nusu hizo zilichongwa pamoja, na namba hizo zikitofautiana umeuziwa nusu za injini mbili. Silikoni iliyofura kwenye maungio na skrubu zilizoliwa vichwa vinakueleza mkono wa fundi ulivyokuwa.

Sasa iwashwe. Kabla muuzaji hajapiga kiki, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika, na ulichokuja kukiona, yaani inavyoamka ikiwa baridi, kimefichwa. Mwambie utarudi siku nyingine. Moshi mwingi wa bluu dakika za mwanzo usikutishe sana kama pikipiki ilisimama kwa muda, kwa sababu oili huteremka taratibu kutoka tangi lake hadi chini ya injini. Unatakiwa uishe. Ukiendelea unapovuta mafuta, ringi au silinda zimechoka. Ukitoka unapoachia mafuta, kisha ukakoma, gaidi za vavu, yaani mirija ambamo vavu hupanda na kushuka, zimelegea. Fungua kifuniko cha tangi la oili injini ikiwa inaunguruma: uone oili ikirudi kwa mipigo. Isiporudi, izime papo hapo. Mwisho pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote mbili. Mimi najali zaidi tarakimu hizo mbili zinavyokaribiana kuliko ukubwa wake.

Nafasi ya pili: ambayo kweli haijafunguliwa, namba zake mwenyewe

Inapendeza kwa macho na kwa historia, na ukipata yenye rangi yake ya kiwandani usiipake upya. Lakini hesabu bei yake kana kwamba kesho unaifungua injini yote, kwa sababu unaifungua. Tope lipo, sili zimekauka, na kama ilisimama nje huenda kutu imeshika silinda. Muuzaji anayetaka bei ya iliyotengenezwa kwa sababu "haijaguswa" anakutoza mara mbili.

Nafasi ya tatu: injini ya pikipiki nyingine, na muuzaji anakwambia

Hii wengi wanaikimbia, nami naitetea. Fremu ya T120 yenye injini ya TR6, ambayo ni ndugu yake wa kabureta moja, au yenye injini ya Bonneville ya mwaka mwingine, ni pikipiki halali ya kuendesha kila wikiendi. Namba hazilingani, bei iko chini, na hakuna aliyekudanganya. Sharti ni moja: namba ya injini iliyomo kwenye V5C, hati ya usajili ya Uingereza, iwe ya injini unayoiona kwa macho. Kama sivyo, mwenye nayo airekebishe DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, kabla hujalipa. Kwa mtu anayetaka kuendesha na si kuweka sebuleni, ningemshauri aanzie hapa.

Nafasi ya nne: namba iliyogongwa upya kwa sababu inayoelezeka

Kasha lilipopasuka, kiwanda kiliuza kasha jipya lisilo na namba, na wakala akaligonga namba ya zamani. Kwa hiyo namba isiyogongwa Meriden si lazima iwe ya mwizi. Lakini maelezo bila karatasi ni hadithi. Risiti ya kasha, barua ya wakala, au kasha la zamani lenyewe lililohifadhiwa: kimojawapo kiwepo. Kisipokuwepo, ihesabu katika nafasi inayofuata.

Ya mwisho: namba zilizochezewa

Sababu ya kucheza na namba ni mbili: kuficha wizi, au kuipandisha cheo TR6 iwe Bonneville. Zote zinaanzia kwenye kibao kile cha upande wa kushoto. Kiguse kwa kidole. Kikikwanguliwa kwa tupa hushuka, hupoteza kingo zake, na huwa na mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kiligonga pia nembo ndogondogo za Triumph kwenye kibao, na namba ikagongwa juu yake, ili anayekwangua azifute nazo. Injini ya 1970 yenye kibao kitupu chenye kung'aa ni ya kuiacha.

Jambo moja huwapotosha waangalifu. Namba za Meriden ziligongwa kwa mkono, kwa hiyo tarakimu moja kuwa juu kidogo au kuinama ni kawaida. Ninaziogopa zaidi zilizonyooka kupita kiasi. Kugonga husukuma chuma na kuacha ukingo mdogo ulioinuka kuzunguka tarakimu. Kuchora kwa mashine huondoa chuma, na hakuna ukingo. Lenzi ya kukuza ya bei ndogo inatosha kuona tofauti.

Kwenye fremu kuwa mkali zaidi, kwa maana fremu ndiyo pikipiki mbele ya sheria ya Uingereza. Rangi nene iliyookwa juu ya namba, dalili za kuchomelewa kwenye shingo, au tarakimu zinazofifia katikati zitoshe kukuondoa. Wataalamu wa polisi wanaweza kuirudisha namba iliyofutwa kwa tindikali, kwa kuwa chuma kilichogongwa hubanwa hadi ndani. Siku hiyo ikifika, pikipiki inaondoka na pesa yako hairudi, hata kama ulinunua kwa nia njema.

Usipeleke sheria hii kwa kila chapa

Kulingana kwa namba ni desturi ya Triumph, si ya viwanda vyote. BSA Gold Star haikutoka na namba moja kwenye injini na fremu, kwa hiyo Gold Star ambayo namba zake zinafanana ndiyo ya kutiliwa shaka. Vincent za silinda mbili zina tofauti ya 1900 kati ya namba ya injini na ya fremu. Harley-Davidson za kabla ya 1970 zina namba ya injini tu. Honda CB750 nayo ina namba mbili tofauti tangu kiwandani.

Karatasi

V5C yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha tu mtu anayewajibika kwa pikipiki. Dai risiti ya mauzo ya mwenye nayo. Kabla ya kulipa, ulizia kwa Vintage Motor Cycle Club, inayotunza kumbukumbu za viwanda kadhaa vya Uingereza, ikiwemo Triumph, zinazoonyesha pikipiki ilitoka lini na ilipelekwa wapi. Nyingi zilipelekwa Marekani na baadaye zikarudishwa, na hati za kule mara nyingi ziliandikwa kwa namba ya injini. Hapo hakikisha hati ya Marekani, V5C na chuma vinasema jambo moja. Namba ya usajili inayoanza na Q maana yake mamlaka haikuweza kuthibitisha asili au umri wa pikipiki, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Anayeisafirisha kwenda Dar es Salaam au Mombasa ana sababu ya ziada. Bandarini, kisha TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) au NTSA (mamlaka ya usafiri Kenya), namba ya chesisi kwenye nyaraka inalinganishwa na iliyo kwenye chuma, na tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukuweka gharama za hifadhi huku unasubiri barua kutoka Uingereza. Piga picha namba zote mbili mchana kweupe kabla ya kulipa. Kwenye risiti ya mauzo ziandikwe zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na neno la muuzaji kuhusu injini: ni yake ya asili, imebadilishwa, au kasha limegongwa upya. Akikataa kuliandika hilo, usilipe.