Dumu la chuma la lita 10: linunue, lakini litembee tupu

Habari za wakati huu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote mnaotazama. Leo nipo hapa Raskazone, Tanga, nje kabisa, upepo wa bahari unapiga. Nimekuja nje kwa makusudi, kwa sababu bidhaa ya leo ni ya petroli, na petroli haifunguliwi chumbani. Ni hili dumu la chuma la lita 10, lile la mfuniko wa kubana, ambalo siku hizi limejaa kwenye maduka ya vipuri kule Ngamiani.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: nikilinunua, nikalijaza, nikaliweka kwenye buti, si ndiyo nitakuwa nimemaliza wasiwasi wa taa ya mafuta? Nalijibu sasa hivi ili asiye na muda aondoke na jibu. Dumu ni zuri, linunue. Ila litembee tupu. Akiba ya mafuta ikae kwenye tenki, isishuke chini ya robo.

Tuliangalie lenyewe kwanza. Sogea hapa ubavuni. Umbo hili lilibuniwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi, na mpaka leo linaigwa kwa sababu lilifikiriwa vizuri. Ni vipande viwili vya bati vilivyochomelewa pamoja, huu hapa mshono unazunguka katikati. Hii alama ya msalaba iliyobonyezwa ubavuni si pambo, inalipa bati nguvu, na petroli ikipata joto ikatanuka, bati lina nafasi ya kuvimba kidogo bila kupasuka. Vishikio vitatu juu, watu wawili wanaweza kulibeba pamoja. Mfuniko haupotei kwa sababu umeshikwa papo hapo, unaubana hivi, unasikia "tak", halafu unapitisha hiki kipini ili usifunguke wenyewe njiani.

Sasa sehemu ya kukaguliwa kabla hujatoa hela ni hapa ndani ya mfuniko. Huu mpira. Ubonyeze na kucha. Ukirudi taratibu, uko hai. Ukiwa mgumu, au una nyufa ndogo pembeni, liache hilo dumu dukani. Ukifika nyumbani tia maji, funga, ligeuze kichwa chini juu ya gazeti, uliache. Gazeti likilowa, rudisha. Halafu mulika tochi ndani. Ukiona rangi inabanduka magamba, hayo magamba yatamiminika kwenye tenki lako na kwenda kuziba filta. La kwangu ndani ni safi na mpira ni mzuri, hapo nalipa sifa zake.

Lawama yangu kubwa ni mdomo wa kumiminia uliokuja nalo. Tazama, huu bomba ni mnene. Magari mengi tunayoyaendesha hapa Tanga, IST, Passo, Vitz, shingo ya tenki ina tundu dogo lenye kijifuniko cha chemchemi ndani. Haingii! Naulazimisha hivi, haingii. Kwa hiyo utahitaji faneli ndefu nyembamba, na hiyo unanunua mwenyewe. Mtu aliyekwama usiku pale njia ya Segera hawezi kujua hilo kwa bahati, atamwaga nusu ya petroli barabarani. Watengenezaji wangelifikiria jambo hili.

Sasa kwa nini nasema litembee tupu. Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali kuliko ya Lushoto, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kutambaa. Gari likiachwa juani pale Kange huku vioo vimefungwa, ndani kunakuwa jiko. Mpira ukivuja kidogo tu, umekaa na watoto wako juu ya mvuke unaosubiri cheche. Na akikugonga mtu kwa nyuma, kitu cha kwanza kupondwa ni buti. Tulishaona petroli inafanya nini. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota kwa madumu, moto ukalipuka, na waliofariki wakapita 100. Mimi jambo lile haliniondoki moyoni, ndiyo maana nazungumza hivi.

Turudi kwenye taa yenyewe, maana hapo ndipo penye tatizo. Madereva wengi tumezoea kuweka ya elfu kumi, taa inazima kidogo, jioni inawaka tena, kesho ya elfu kumi nyingine. Kwa bei za miaka hii ya karibuni hiyo ni lita tatu na ushee. Wengine wanaburuza gari na taa mwisho wa mwezi wakisubiri Jumatano ya kwanza, EWURA, ile mamlaka ya bei za mafuta, itangaze bei mpya, huenda Tanga imeshuka. Ipigie hesabu. Ikishuka shilingi 50 kwa lita, na wewe unaweka lita 20, umeokoa shilingi 1,000. Pampu ya mafuta hainunuliwi kwa shilingi 1,000.

Na pampu ndiyo inayoumia. Kwenye magari ya petroli ya kisasa pampu ni ya umeme na inakaa ndani ya tenki, imezama. Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Ukiendesha kila siku mafuta yakiwa chini, inafanya kazi ikiwa ya moto, na kila kona inavuta hewa badala ya mafuta. Mafundi wanawajua wateja wa namna hii, gari linaletwa linavuma chini ya kiti cha nyuma, likipanda mlima linamisi, yaani linakatakata. Na kumisi nako kuna gharama yake, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Kuna wanaosema hatari ni uchafu wa chini ya tenki. Hilo ni kweli kwa sehemu tu, kwa sababu pampu huvuta kutoka chini siku zote, hata tenki likiwa limejaa. Maji na vumbi vinakuwa shida zaidi yakibaki mafuta machache ya kuvichanganya. Ila kubwa ni joto na hewa.

Mfano wa karibu ni njia ya Amani. Umetoka Tanga, umepita Muheza, taa inawaka, unajisemea bado nina lita tano. Kwenye lami tambarare sawa. Lakini ile njia ni mlima na kona za kujikunja, gari limeinua pua, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja wa tenki, pampu inabaki mkavu. Gari linazima na lita zako zimo ndani! Jaza Muheza, usipande na matumaini. Na ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi msiitegemee huko, inakokotoa kwa ulaji wa njia uliyotoka, haijui kwamba mbele kuna mlima.

Gari likizima kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Kwa hiyo kanyaga mara moja, shikilia, usipampu. Washa taa za hazadi, elekea pembeni wakati gari bado linaserereka, na usizungushe ufunguo mpaka mwisho, usukani utajifunga. Toka upande usio na magari, weka pembetatu mbali nyuma. Yale majani ya mwembe tunayotandaza barabarani dereva wa lori usiku hayaoni mapema, pembetatu inarudisha mwanga.

Hapo ndipo dumu tupu linapokufaa. Unapanda bajaji kwenda sheli ukiwa na chombo cha uhakika badala ya chupa ya maji au dumu la mafuta ya kula. Kuna vituo vitakukatalia kujaza chombo chochote, msikilize mhudumu, yuko sahihi kuogopa, tafuta kingine au mpigie fundi akuletee. Wakikubali, weka dumu chini sakafuni, si kwenye bajaji wala kwenye tela la pikapu, kwa sababu ya umeme tuli, ule wa msuguano unaoweza kutoa cheche, na mdomo wa pampu uguse chuma cha dumu muda wote. Usijaze hadi shingoni. Acha nafasi ya mvuke.

Ukirudi, mimina lita tano, sita. Lita moja mara nyingi haifiki kwenye pampu. Halafu fungua swichi, funga, fungua tena kabla ya kupiga stata. Wenzangu wa dizeli kazi yenu ni ndefu zaidi, hewa ikishaingia lazima itolewe kwa ile pampu ya mkono, na kama hujawahi kuifanya, mwite fundi.

Na nawaomba sana, vijana hasa, acheni kunyonya mpira kwa mdomo ili kuhamisha mafuta. Tone moja likiingia mapafuni linaunguza. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

Ukimaliza, liache dumu wazi nje mpaka likauke na harufu iishe, ndipo ulirudishe kwenye buti. Dumu lenye mvuke uliobaki ni la hatari kama lililojaa, na fundi wa kuchomelea asiliguse kabisa. Ukanda wetu huu wa pwani, chumvi ya bahari italila, kwa hiyo likague kutu ndani mara kwa mara.

Mwenzangu utasema robo tenki ni hela nyingi. Tenki la IST ile ya kwanza ni lita 45, robo ni lita 11 hivi. Unailipia mara moja tu. Baada ya hapo endelea na elfu kumi zako, ila unaziongeza juu ya robo badala ya juu ya taa. Gari halitakula zaidi, lita hizo zina kilo nane tu. Na kwa ulaji wa kilomita 12 kwa lita, zinakutoa Tanga zinakufikisha Segera na kuendelea.

Kwa hiyo mimi nachukua la lita 10, la 20 likijaa ni zito kwa mtu mmoja, na la plastiki nitalichukua tu likiwa limetengenezwa kwa ajili ya petroli na limeandikwa hivyo. Kinachonisumbua bado ni ule mdomo. Mwenye IST au Passo aliyepata mdomo mwembamba unaoingia bila faneli, niandikie hapo chini uliupata duka gani, nitaufuata na nitauonyesha hapa.