Pink Moon ya Nick Drake: santuri iache mwisho

Nimeisikiliza Pink Moon, albamu ya Nick Drake, mwimbaji na mpiga gita wa Uingereza, kwenye simu, kwenye CD na kwenye santuri. Kwa anayetaka kuinunua, ushauri wangu ni kwamba santuri iwe ya mwisho.

Tatizo ni kwamba muziki wenyewe ni mtulivu mno. Albamu hii ya 1972 ina gita, sauti ya Drake na piano kidogo katika wimbo uliobeba jina la albamu, basi. Zile mbili za mwanzo, Five Leaves Left na Bryter Layter, zilijaa fidla na wapigaji wa kukodi. Hii aliirekodi kwa usiku mbili, Oktoba 1971, katika studio ya Sound Techniques jijini London, yeye na fundi mitambo John Wood tu. Hakuna ngoma ya kufunika makelele, kwa hiyo vumbi kidogo likinasa kwenye sindano, wimbo "Road" unageuka mlio wa mafuta ya kukaangia vitumbua. Yangu niliagiza mtandaoni kama mpya, ikafika na mkwaruzo upande wa pili, na muuzaji akanijibu eti santuri ndivyo zilivyo. Bei ile, kwa nyimbo 11 za dakika 28 hivi!

Tafuta CD, au simu na hedfoni nzuri. Hapo utasikia hadi vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Sisi tuliokulia muziki wa dansi tumezoea solo, rizimu na besi, kila mtu na gita lake. Hapa kidole gumba kinashika besi, vilivyobaki vinacharaza mengine yote, na nyuzi kazikaza na kuzilegeza kwa mpango wake mwenyewe, ndiyo maana wanaomwiga kwa mpangilio wa kawaida hawampati. "Things Behind the Sun" inatosha kukuonyesha. "Know", kwa upande wake, ni noti chache zilezile mwanzo mwisho, na mimi huiruka.

Wengi huiita albamu ya majonzi, labda kwa sababu alifariki 1974 akiwa na miaka 26, kabla dunia haijamjua. (Wamarekani wengi walimfahamu kupitia tangazo la gari la Volkswagen mwishoni mwa miaka ya 1990!) Lakini "From the Morning", wimbo wa kufungia, umechangamka kweli.

Albamu naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyopungua ni ya "Know". Santuri, nyota mbili.