Baada ya Topps ya 1974: kwa nini nimeichagua seti nyeusi ya 1971

Mwezi uliopita nilichomeka kadi ya mwisho ya Topps ya 1974 kwenye albamu. Topps ni kampuni ya Marekani inayochapa kadi za picha za wachezaji wa besiboli, seti moja kila mwaka. Kadi 660, miaka mitatu ya kutafuta. Naendesha lori, makazi yangu Pittsburgh, na njia zangu nyingi ni Ohio, West Virginia na Pennsylvania hii hii. Kila ninapolazimika kulala njiani naulizia kama mji una duka la vitu vya kale. Ukiwa mtu wa kukusanya huachi. Utotoni Tanga nilikuwa na daftari la stempu nilizozibandua kwenye barua za mjomba kutoka Muscat, na nikikosa moja ya rangi fulani, silali. Ugonjwa ni ule ule, umebadili karatasi tu.

Basi jioni ile ile niliyomaliza 1974 nikaanza kuwashwa: sasa inafuata ipi?

Ninaandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaokaa huku Marekani na watoto wao wanacheza besiboli, maana naona wengi wameanza kuzinunua hizi kadi bila mtu wa kuwaeleza. Wengi huchagua seti kwa kuangalia mastaa. Wanasikia fulani yumo, wanaingia. Mimi nasema hapana. Staa unamnunua siku moja, unamaliza. Utakaoishi nao miaka mitatu ni wale mia sita ambao hakuna aliyekwambia majina yao: mrushaji wa akiba, mdakaji aliyecheza misimu miwili akarudi kwao. Mimi nawaita makabwela, na kwa heshima. Kama kadi ya kabwela haikupi raha ukiishika, seti hiyo itakuchosha kabla hujafika nusu.

Kwa hiyo nilinunua makabwela kumi kumi kutoka seti tatu, 1956, 1965 na 1971, nikazipanga mezani jikoni na kuziacha pale wiki mbili. Kila nikitoka safari nazipitia. Mke wangu alivumilia, Mungu ambariki.

Nianze na 1965, maana ndiyo niliyoiacha mapema. Ni seti nzuri, sibishi. Kadi 598, kila moja ina kibendera cha timu kwenye kona ya chini, rangi zimetulia, na bei ya kabwela ni ya kibinadamu. Wengi watakushauri uanze nayo na hawakosei. Shida yangu ni kadi namba 160. Ni ya Roberto Clemente, mtu wa Puerto Rico aliyecheza hapa Pittsburgh maisha yake yote ya ligi kuu, na ambaye daraja la njano ninalovuka kwenda mjini lina jina lake. Kwenye kadi hiyo wamemwandika Bob. Tangu 1957 mpaka 1969 Topps walimwita Bob Clemente, na mwenyewe alitaka aitwe Roberto.

Kampuni ya kwanza niliyoendeshea lori huku, jina langu lilikuwa refu mno kwa mpanga safari, akaniandika Sam kwenye ubao. Nikawa Sam miezi kumi na minne. Sikuwahi kujibu kwa furaha hata mara moja. Sasa nikusanye kadi 598 ili katikati nikutane na Bob? Siwezi. Mwingine ataona ni jambo dogo, mimi limenitosha.

Seti ya 1956 ndiyo iliyonitesa. Hiyo, jamani, ni kazi ya mikono. Kadi zimelala kwa upana, ni kubwa kuliko za sasa, kama sentimita 9.5 kwa 6.7, na kila moja ina picha mbili: uso mkubwa wa mchezaji, na nyuma yake picha ndogo akiwa uwanjani, anateleza, anadaka, anapiga. Upande wa pili kuna vikatuni vya kusimulia maisha yake ya uwanjani. Clemente ni namba 33, na humo ameandikwa Roberto. Namba 30 ni Jackie Robinson, yule mchezaji Mweusi aliyevunja ukuta wa rangi wa ligi kuu mwaka 1947, na hii ndiyo kadi yake ya mwisho kutoka Topps akiwa bado mchezaji. Namba 31 ni Hank Aaron, na pale pana kosa linalonifurahisha kila nikiliona: yule anayeteleza kwenye picha ndogo si Aaron, ni Willie Mays. Waliomchora walichanganya.

Lakini tazama hizo namba. Ted Williams ni 5, Robinson 30, Aaron 31, Clemente 33, na hao wote ni mastaa wa bei ghali. Kabla hujafika namba 34 umeshauza mbuzi wote. Na Mickey Mantle, namba 135, bado anakusubiri. Makabwela wenyewe nililipa kati ya dola 6 na 9 kila mmoja, na hao ni wenye kona zilizolika na mkunjo mmoja mmoja. Seti nzima ni kadi 340 tu, lakini kwa mshahara wa lori ingekuwa hadithi ya miaka kumi, na katika hiyo kumi nyingi ingekuwa ya kusubiri pesa, si ya kutafuta. Nataka kutafuta. Nikistaafu nitairudia 1956, nimeshaiwekea ahadi.

Nyingine nilizifikiria kwa haraka tu. 1975 ina fremu za rangi mbili mbili kama kanga za sikukuu, na binti yangu aliipigia debe sana, ila nayo ni kadi 660 zilizotoka mwaka mmoja baada ya ile niliyoimaliza. Ningekuwa narudia darasa. 1972 ina kadi 787, na namba za mwisho, kuanzia 657, ni ghali na adimu. Nikaiacha.

Ikabaki 1971.

Mara ya kwanza kuiona niliidhania tangazo la msiba. Fremu nyeusi tii kuzunguka picha, jina la timu juu kwa herufi kubwa, na chini yake hapo hapo jina la mchezaji kwa herufi ndogo zote, hata mwanzo wa jina. Kwenye picha yenyewe imechapwa sahihi yake. Lakini iache mezani wiki mbili. Weusi ule unaisukuma picha mbele. Nyasi za uwanja zinakuwa kijani kweli, na uso wa mtu aliyekaa juani unaonekana na jasho lake. Mwaka huo pia Topps walianza kutumia picha za rangi za wachezaji wakiwa mchezoni kwenye kadi zao za kawaida. Namba 5, Thurman Munson wa Yankees, timu ya New York, imelala kwa upana: mdakaji yuko chini, mtu anamjia kwa kuteleza, vumbi limetanda. Nimeishika kadi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mke wangu.

Igeuze nyuma, utakuta picha nyingine ndogo ya uso, nyeusi na nyeupe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Topps kuweka picha nyuma. Kwa upande wa takwimu wamebana: unapewa mwaka uliopita na jumla ya maisha yote, basi. Mpenda hesabu za mwaka kwa mwaka atalalamika, na ana haki. Mimi kwa kabwela wangu napenda ile picha ya pili. Nyuso mbili za mtu mmoja, na nyuma mara nyingi anaonekana mdogo zaidi.

Na kuna Pirates, timu ya Pittsburgh aliyoichezea Clemente. Tarehe 1 Septemba 1971, hapa Pittsburgh, timu hii ilipanga wachezaji tisa wa kuanza ambao wote walikuwa Weusi au Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Halikuwa limewahi kutokea kwenye ligi kuu. Siku hiyo waliifunga Philadelphia 10 kwa 7, na Oktoba wakachukua ubingwa mbele ya Baltimore katika michezo saba, Clemente akiwa mchezaji bora wa fainali. Kadi za 1971 zilianza kuuzwa kabla ya hayo yote. Ukimwangalia Dock Ellis kwenye namba 2 au Willie Stargell kwenye namba 230, unamwona mtu ambaye bado hajui mwaka wake utakavyokwisha. Rennie Stennett, mmoja wa wale tisa, hayumo kabisa: alipanda ligi kuu mwaka huo huo, na kadi yake ya kwanza ni ya 1972. Nitainunua hiyo moja niiweke mwishoni mwa albamu, liwe kosa langu la makusudi.

Sasa ubaya wake, maana upo. Kadi hizi zimechapwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo kila mguso pembeni unaacha kidonda cheupe. Kadi ya 1974 iliyopigwa kidogo kwenye kona unaisamehe. Ya 1971 inakupigia kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Iliyo safi kabisa ni ghali kupita maelezo. Mimi nimekubali vidonda. Ninachokataa ni mkunjo katikati ya uso na kalamu.

Kalamu, ndiyo. Kwenye maonyesho moja ya kadi nilinunua Willie Mays, namba 600, dola 60, kingo nyeusi kama lami. Nilifurahi mpaka nyumbani. Usiku, chini ya taa ya jikoni, nikaiinamisha, nikaona upande mmoja unang'aa kizambarau. Nikaitazama kwa ubavu. Karatasi ya kadi halisi, ukiitazama kwa ubavu, ni nyeupe iliyochoka, kama mkate. Hii ilikuwa imenyonya wino mpaka ndani. Mtu alikuwa amepitisha kalamu kuficha vidonda. Muuzaji sikumpata tena. Tangu siku hiyo sinunui 1971 kabla ya kuiinamisha kwenye tochi ya simu na kuangalia ubavu wake, kingo zote nne, hata kama foleni nyuma yangu inanung'unika. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Mzee mmoja wa duka dogo kule Ohio alinipa mwenyewe kioo cha kukuzia.

Jingine ni namba za juu. Zamani hizo Topps walitoa kadi kwa awamu, msimu mzima, na zile za mwisho zilifika madukani watoto wakiwa wameshahamia kwenye kadi za futiboli ya Kimarekani. Zikaagizwa chache. Kwa 1971 awamu ya mwisho inaanzia 644 mpaka 752. Kabwela wa chini nampata kwa dola moja au pungufu. Mwenzake wa namba 700 na kitu nimelipa dola 12. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanzia juu. Ukikutana na namba kubwa kwa bei ya haki, ichukue, hao wadogo watakusubiri. Nilipofanya 1974 hesabu hii sikuihitaji, kwa kuwa mwaka huo zilitoka zote kwa mkupuo.

Na usiziache kwenye lori wakati wa kiangazi. Kadi zinapinda kama chapati iliyosahauliwa.

Nimenunua kurasa 84 za plastiki, mifuko tisa kila ukurasa. Naweka kadi moja kila mfuko, sizipachiki mgongo kwa mgongo, ili picha ya nyuma nayo ionekane. Jumamosi tulizipanga na binti yangu: yeye anasoma namba, mimi nachomeka. Kwa mpangilio huo Stargell ameangukia mfuko wa katikati kabisa ya ukurasa wa 26. Tumefika kadi 214. Clemente, namba 630, ameandikwa roberto kwa herufi ndogo, na mahali pake ni ukurasa wa 70, chini kulia, mfuko wa mwisho. Alhamisi napeleka mzigo Columbus, na nimeambiwa kuna mtu anayo, kona moja imelika.