Kutazama samaki Katonga, Ziwa Tanganyika: mtumbwi safi, miwani beba yako

Nimezaliwa Ujiji. Dagaa na migebuka nimekula tangu utotoni, lakini samaki wa ziwa letu wakiwa hai majini sikuwahi kuwatazama mpaka Jumamosi iliyopita. Mimi na mpwa wangu wa darasa la sita tulimkodi kijana wa mtumbwi, shilingi 20,000 kwa saa mbili, miwani ya kuzamia humo humo.

Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, nilidhani tutapelekwa mbali. Kijana akafunga mtumbwi penye mawe, maji ya kiunoni. "Mama, lala kifudifudi. Usipige miguu. Subiri."

Nikasubiri. Kisha kipande cha jiwe kikaruka! Kumbe ni samaki wa urefu wa kidole, macho yamekaa juu kabisa ya kichwa, vitone vya buluu usoni, anadunda jiwe hadi jiwe kama panzi. Wataalamu humwita Eretmodus. Kijana akatueleza kwamba mfuko wake wa hewa ni mdogo sana, kwa hiyo haelei ovyo. Wimbi likipiga, yeye yuko chini palepale anakwangua ukoga. Wengi tuliwaona wawili wawili. Ni mke na mume: mke huanza kubeba mayai mdomoni, baadaye humkabidhi mume naye abebe watoto. Mpwa wangu aliniuliza swali hilo hilo mara tatu njiani, mume kweli?

Palipo na mchanga tukaona vijisamaki vinavyoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Kimoja kilikuwa kinafukua mchanga kuzunguka gamba lake, linazama taratibu, unabaki mlango tu. Niliponyoosha mkono kijana akanizuia: "Hiyo ni nyumba ya mtu, mama." Kwa neno hilo peke yake ningemlipa tena.

Tanga niliwahi kuona samaki wanaochimba mashimo kwenye tope la mikoko, macho juu vilevile kama Eretmodus, nikadhani ni ndugu. Sivyo. Hawa wa kwetu ni ukoo mmoja na perege.

Miwani ndiyo iliyoniudhi. Mpira umechoka, maji yanaingia, na ya mtoto hakuna. Mpwa wangu alishika yake kwa mkono muda wote. Kwa kazi nzuri kama hii hilo lirekebishwe. Majaketi ya kuokolea yapo, mazima.

Nendeni saa moja asubuhi, upepo haujaamka. Mchana maji yanachafuka na huoni kitu.