Boksi liliandikwa "kwa wanaoanza": uzoefu wangu na skuna yenye kibiongo

Naanza na nyota moja. Huenda mkifika chini mkakuta nimebadili mawazo, mimi mwenyewe sijui. Lakini nyota moja ndiyo niliyokuwa nayo moyoni siku nilipofungua lile boksi la modeli ya meli ya kuunda mwenyewe, nikautoa ubao wa mkuku na kuulaza juu ya kioo cha meza. Ncha mbili zinagusa kioo. Katikati, kidole changu cha mwisho kinapita chini yake bila kugusa popote.

Kwa asiyejua mambo haya: modeli ya mbao ya namna hii huanza na ubao mmoja wa plaiwudi uliokatwa kwa umbo la meli inavyoonekana ubavuni, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Huo ndio uti wa mgongo. Juu yake unachomeka mataruma, yaani mbavu za meli, moja moja, kwenye mianya iliyokwisha kukatwa, kisha juu ya mataruma unavika mbao nyembamba mpaka meli ipate ngozi. Mkuku ukipinda, kila taruma linasimama limegeuka kidogo kuliko jirani yake, na meli nzima inakuwa kama mtu anayetazama nyuma kwa bega moja. Hakuna rangi ya kuficha hilo. Milingoti ikisimama tu, itakusema.

Vipimo na idadi ya vipande sitaandika, vimo ubavuni mwa boksi. Meli yenyewe ni Bluenose, na hapo ndipo paliponiuma zaidi, maana sikuichagua kwa kuvutiwa na picha. Ni skuna, yaani meli ya matanga, ya Kanada, ilishushwa majini Lunenburg mwaka 1921, chombo cha kuvua samaki na papo hapo cha mashindano. Ilipendwa hivi kwamba tangu mwaka 1937 senti 10 ya Kanada ina picha ya skuna. Mwisho wake ulikuwa kwenye miamba ya Haiti mwaka 1946, ikiwa imegeuzwa chombo cha kubeba mizigo tu. Nilitaka niirudishie heshima yake mezani kwangu. Nikauziwa yenye kibiongo.

Nikawaandikia watengenezaji barua pepe. Nilikuwa mpole, jamani, mpaka leo najishangaa. Nilianza na salamu, nikawasifu kwa mbao za sitaha, ile sakafu ya meli (kweli zilikuwa nzuri, hilo siwanyimi), nikaambatisha picha tatu: moja ubao na rula ya chuma, moja ubao na uzi uliovutwa ncha hadi ncha, na moja kidole changu kikipita chini. Nikaomba ubao mmoja. Sikudai fedha zangu. Wiki zikapita, sijui ngapi, nilihesabu mpaka nikachoka. Jibu lilipokuja lilikuwa sentensi moja, bila salamu, bila jina la aliyeandika:

"Modeli hii haimfai mtu asiye na uzoefu."

Basi. Hakuna pole. Hakuna "tumeziona picha zako." Nikalichukua boksi nikaligeuza huku na huku kama mtu aliyedondosha ufunguo. Pale mbele, kwa herufi zinazokaribia ukubwa wa jina la meli yenyewe: KWA WANAOANZA. Na mchoro wa mtoto anayetabasamu ameshika nyundo. Nyundo! Katika kazi ambayo pini zake unazisukuma kwa koleo ndogo huku umeshikilia pumzi. Na hata ningekuwa na uzoefu wa miaka arobaini, uzoefu wangu ungeingia lini ghalani kwao kuangalia plaiwudi wameiegemeza wapi?

Ile sentensi niliichapa kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Mke wangu aliniuliza kama ni dua.

Tangu siku hiyo hakuna kitu cha boksi lile kilichonipendeza. Kamba za milingoti zina manyoya kama kiwavi, ukipitisha kwenye tundu la kapi zinaacha nusu ya mwili wao nje. Maelezo ya michoro ndiyo kichekesho kabisa. Hatua ya saba: mataruma yamesimama, safi. Hatua ya nane: meli imeshavikwa mbao zote na inang'aa. Kati ya saba na nane kuna miezi kadhaa ya maisha yangu ambayo mchoraji hakuona haja ya kuitaja. Hata harufu ya boksi niliichukia.

Jioni moja niliushika ule ubao kwa mikono miwili, goti limeshakaa tayari katikati. Kilichonizuia ni upuuzi tu: nilitaka kwanza niupige picha niwatumie wenzangu tunaounda meli hizi, waone nilivyoonewa. Nilikuwa natafuta wa kulaani nao.

Hawakulaani. Wa kwanza kujibu alikuwa mzee mmoja ambaye ameunda meli nyingi kuliko vidole vyangu vya mikono na miguu. Akaniandikia: "Kijana, unaijua Vasa?" Naijua, nani asiyeijua, ile meli ya kivita ya Uswidi iliyozama Stockholm mwaka 1628 safari yake ya kwanza kabisa, ikatolewa majini mwaka 1961. Akasema: walipoipima waligundua haiko sawa pande zote mbili, upande wa kushoto una mbao nyingi zaidi, na humo ndani zilikutwa rula za mafundi zisizolingana, nyingine za futi ya Uswidi yenye inchi 12, nyingine za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Kwa hiyo nisijione mkosi, hata meli ya mfalme ilipinda. Nikamjibu: "Mzee, lakini Vasa ilizama!" Akajibu kwamba ya kwangu itakaa kabatini.

Nilicheka, na nadhani goti lilishuka hapo.

Aliyeiokoa hasa ni mama mmoja, mpole wa maneno na mkali wa macho. "Mwanangu usivunje. Umeshaupa maji?" Sikuelewa. Akanieleza taratibu, ujumbe baada ya ujumbe, na ninayaandika hapa kwa sababu hayamo katika maelezo ya boksi na yangepaswa kuwemo. Paka maji ya vuguvugu upande wa ndani wa mpindo, ule uliobonyea, upande mmoja tu. Ubane ubao kati ya vyuma viwili vilivyonyooka, uache siku mbili tatu mpaka ukauke kabisa, usiwe na pupa ya kufungua. Ukinyooka usiuamini, maana plaiwudi ina kumbukumbu. Chomeka mataruma, na kati ya taruma na taruma gundisha kibonge cha mbao laini kila upande, kilichopigwa msasa kikae kwa kubana. Sitaha ya chini ikishalala juu yake, mkuku hauna tena pa kurudi. Halafu, alisisitiza hili mara tatu, unapovika mbao usimalize upande mmoja. Mbao moja kulia, mbao moja kushoto, kama unavyofunga kamba za viatu, kwa sababu kila mbao inavuta upande wake, na ukiziacha kumi za kulia zivute peke yake zitaupinda tena uliounyoosha.

Nilifanya. Siku ya kufungua vile vyuma mikono ilitetemeka. Nikaulaza ubao juu ya kioo, nikasukuma kidole. Kidole kikagoma.

Hapo nikaanza kuonja utamu wa kazi yenyewe, na nitakuwa mwongo nisipousema. Kuchonga mbao iwe nyembamba inapokwenda omo, kwa sababu tumbo la meli ni pana na pua yake ni nyembamba na mbao zilezile zinatakiwa zienee kote kuwili. Kuziloweka, kuzikunja kwa ncha ya pasi, kusikia ule mvuke mdogo ukilia. Niliharibu nyingi. Mwanzoni nilitumia supaglu kwa haraka zangu, ikaniachia ukungu mweupe kwenye mbao. Nikahamia gundi nyeupe ya mbao, inayokupa nafasi ya kukosea na kurekebisha. Zile kamba zenye manyoya nilizipitisha kwenye nta ya nyuki, moja moja, mpaka zikalala. Kila mlingoti ukisimama unadai kamba zake za pembeni, kila kamba vijicho vyake vya mbao vyenye matundu matatu, na usiku mzima unaisha kwenye vijicho vinne.

Na kila usiku kama huo nilituma picha. Ninachotaka kusema kuhusu wenzangu hawa ni kwamba hawasifu ovyo. Ukituma picha mbovu hawasemi "safi sana" ili wakuache. Watakwambia mbao ya tatu kushoto imekaa vizuri, hiyo ya nne ibandue kesho. Halafu mmoja, bila kuombwa, anatuma picha ya meli yake ya kwanza, ile anayoificha nyuma ya vitabu, yenye milingoti inayotazama kila mmoja kwao. Kuna aliyenitumia sitaha aliyoigundisha juu chini. Niliitazama ile picha mara nyingi kuliko picha yoyote ya meli nzuri.

Kwa hiyo nyota tatu? Nilikuwa nimeshaandika tatu. Ngoja niwaambie kwa nini nilizifuta.

Si zamani sana alikuja mgeni kwenye kundi letu la waunda meli. Hajawahi kuunda hata mtumbwi. Akauliza aanzie wapi kwenye HMS Victory. Victory! Meli ya Nelson, yule amiri wa Uingereza, ya vita vya Trafalgar mwaka 1805, ile ambayo mpaka leo ipo Portsmouth, yenye mizinga 104 na kamba za kumfunga mtu miaka. Kila mzinga una kigari chake, na kila kigari kamba zake. Nilikuwa nimechoka, vidole vina gundi, nikamwandikia haraka haraka. Nikabonyeza kutuma, nikainua macho, yakakutana na karatasi ukutani.

Nilikuwa nimeandika: "Modeli hiyo haimfai mtu asiye na uzoefu."

Neno kwa neno. Isipokuwa "hii" na "hiyo."

Mgeni akanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili. Yule mama hakunigombeza, alinitumia tu alama ya kuuliza, moja, na iliniwaka usiku kucha. Nikamwandikia mgeni upya, safari hii kwa salamu, nikamwomba radhi, nikamtumia ile picha ya kidole kikipita chini ya mkuku na ile ya sitaha iliyolala juu chini (mwenyewe aliniruhusu). Nikamwambia Victory imngoje, haina haraka, imeshangoja tangu iliposhushwa majini mwaka 1765. Aanze na mashua ndogo isiyo na sitaha, ajue mbao inavyokunjika. Amerudi. Juzi ametuma mbao zake nne za kwanza. Ya pili kulia imekaa vizuri.

Sasa nikae nijiulize: je, yule karani asiye na jina alikuwa sahihi? Kwamba mkuku uliopinda unahitaji uzoefu, na ulipatikana kweli kwa mwenye uzoefu? Labda naye alikuwa amechoka. Labda nilikuwa barua ya mia siku hiyo. Nimejaribu kumwonea huruma kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kizima.

Halafu nikaliona tena boksi. Hapana. Mimi sikuandika KWA WANAOANZA juu ya Victory ya mtu. Sikuchora mtoto na nyundo. Mimi niliomba radhi, wao mpaka naandika haya bado kimya, na ubao mwingine wanauza mahali fulani sasa hivi, na kuna mtu ataulaza juu ya kioo, goti litakaa katikati, naye huenda hana mama wa kumwambia aupe maji. Dau la mnyonge haliendi joshi, na hawa wanaliuza likiwa limeshapinda.

Skuna imemalizika. Ukiitazama kwa mbele, jicho moja limefungwa, omo imeinama kushoto unywele mmoja. Nilimwonyesha yule mama, akasema nipige picha kutoka kulia. Ipo kwenye rafu chini ya ile karatasi, na tanga la nyuma linaziba neno "haimfai," kwa hiyo sasa ukutani inasomeka modeli hii mtu asiye na uzoefu, ambayo haina maana yoyote.

Nyota mbili. Na kamba zao bado ni mbaya.