Uzoefu wangu wa mafunzo kwa vitendo katika idara ya upasuaji ya hospitali ya rufaa ya mkoa

Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu wanaosubiri kupangiwa vituo vya mafunzo kwa vitendo, hasa wale ambao chuo chao huwapa nafasi ya kupendekeza hospitali. Mimi niko mwaka wa 3 wa stashahada ya utabibu, na mzunguko wangu wa upasuaji niliufanyia katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Jina lake ninaliacha kwa makusudi, kwa sababu nitasifu na nitalaumu, na lawama nyingi nilizonazo haziihusu hospitali ile peke yake. Msimamo wangu ni kwamba idara ile ilinifundisha vizuri, ila si mahali nilipodhani nitafundishwa. Wanafunzi karibu wote huja na hamu ya kuingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, na wengine hununua kofia na sare kabla hata hawajapewa ratiba. Kwa upande wangu, thieta ndiko nilikoambulia kidogo kuliko kwingine kote, na kama kuna sababu ya kuichagua hospitali ya namna hii, sababu hiyo iko wodini na katika chumba cha vidonda.

Siku huanza kwa ripoti ya asubuhi, ambapo waliokuwa zamu ya usiku husoma idadi ya waliolazwa, waliopasuliwa na waliofariki, kisha kila mtu huelekea alikopangiwa. Zipo siku za raundi kuu ya daktari bingwa, siku za kliniki na siku za upasuaji wa kupangwa, na dharura huingia wakati wowote zikivuruga mpangilio huo wote. Wagonjwa ni wale wale ambao tabibu atakutana nao akiajiriwa: ngiri, busha, majipu, kidole tumbo, utumbo uliojisokota, wazee wa tezi dume waliokuja na mpira wa mkojo, wanawake wenye uvimbe kwenye titi waliochelewa kufika, watoto walioungua na, kwa wingi unaoshangaza, vijana wa bodaboda. Upande wa wanaume ulitawaliwa na vijana hao waliovunjika mapaja, miguu imefungwa kamba na kuning'inizwa vizito, wakiwa wamelala hapo muda mrefu kiasi cha kujua ratiba ya dawa ya kila jirani. Ni wao walionielekeza vitu vilipo katika siku zangu za mwanzo. (Waliniita nesi hadi mwisho, licha ya koti na kitambulisho. Msichana akionekana wodini, kwa wagonjwa wengi ni nesi, na nililizoea.)

Raundi kuu ilinifaa kuliko nilivyotarajia. Mwanafunzi hupewa vitanda vyake, na anatakiwa awe amemhoji mgonjwa, amempima na ameandika kwenye faili kabla bingwa hajafika, kisha aeleze bila kusoma. Bingwa wetu hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuwa mpole, lakini alikuwa na tabia moja niliyoithamini sana: pale ambapo angeweza kumfundisha mtu kwa mkono, hakumfundisha kwa mdomo. Kwa kijana mmoja aliyeshukiwa kuwa na kidole tumbo, aliniagiza nichore kwa kidole mstari kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, niugawe mara tatu, na nitafute theluthi iliyo karibu na nyonga. Ni alama ya mahali panapouma zaidi kidole tumbo kinapovimba, iliyoelezwa na daktari wa Marekani, Charles McBurney, mwaka 1889, ambayo sote tulikuwa tumeikariri darasani. Kisha akanizuia nisibonyeze. Alitaka kwanza nisugue viganja vipate joto, nianzie upande wa kushoto usiouma, na macho yangu yawe usoni kwa mgonjwa badala ya tumboni, kwa maana mtu anaweza kujibu kwamba hapaumi huku paji la uso limekunjamana. Nilipobonyeza kushoto, kijana akashtuka na kushika upande wa kulia, ishara nyingine ya kidole tumbo. Bingwa aliandika mstari mmoja kwenye faili, akahamia kitanda kilichofuata.

Chumba cha vidonda wanafunzi wengi hukikwepa, kwa sababu ya harufu na kwa sababu kazi yake huhesabiwa kuwa ni ya wauguzi. Sista aliyekisimamia alikuwa mtu mzima ambaye wagonjwa walimwita Mama, na foleni yake aliipanga kwa usafi wa kidonda wala si kwa aliyewahi: mishono mipya iliyo mikavu kwanza, vidonda vyenye usaha mwisho kabisa, ili vijidudu visisafirishwe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Aliyelalamika kwamba amefika tangu alfajiri alielezwa sababu, na mara nyingi aliielewa. Bandeji iliyogandia hakuivuta kamwe. Aliilowesha kwa maji ya chumvi, akamuuliza mgonjwa habari za shamba na za wajukuu, na mazungumzo yalipokolea bandeji ilikuwa imelainika na kutoka bila mtu kuguna.

Alitufundisha kukisoma kidonda kwa rangi. Nyama nyekundu yenye chembechembe inapona na haitakiwi kusumbuliwa. Utando wa njano lazima usafishwe. Nyeusi ni nyama iliyokufa, na hiyo hukatwa. Alitufundisha pia kupapasa ngozi pembeni ya kidonda, kwa kuwa ukisikia mchakacho wa hewa chini ya vidole huna muda wa kufunga bandeji, unamwita daktari hapo hapo. Asubuhi moja alikuja mzee mwenye kisukari, mguu umevimba na kidole gumba kimeanza kuwa cheusi. Sista aliniagiza nimwombe afumbe macho, kisha nimguse unyayo kwa kipande cha pamba, naye aseme kila anapoguswa. Nilianzia vidoleni nikapanda taratibu, na mzee alikaa kimya akisubiri nianze, hadi nilipovuka kifundo cha mguu ndipo akasema, "Hapo." Msumari ulikuwa umetoboa kandambili yake akatembea nao bila kujua, na aligundua kwa kuona damu sakafuni nyumbani. Mambo ya kisukari kuharibu neva za miguu nilikuwa nimeyasoma katika vitabu vyenye michoro mizuri, lakini tangu siku ile simwachi mgonjwa wa kisukari avae viatu vyake kabla sijaangalia katikati ya vidole.

Watoto walioungua walihudumiwa katika chumba hicho hicho, wengi wao kwa uji au chai ya moto iliyopikwa chini, kwenye mafiga au jiko la mkaa. Hapa ndipo hesabu za darasani zilipopata maana. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake, kwa hiyo unapima eneo lililoungua kwa kiganja chake, si chako. Maji ya dripu ya saa 24 za kwanza hukadiriwa kwa mililita 4 kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia iliyoungua, nusu yake ikiingia katika saa 8 za kwanza. Mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 20 anahitaji mililita 800, mbali na maji yake ya kawaida ya siku, na 400 kati ya hizo ni za saa 8 hizo za mwanzo. Ambalo wengi hulisahau ni kwamba saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua. Akifika hospitali saa 3 baada ya kuungua, zimebaki saa 5 za kumpa mililita 400, na familia nyingi hufika wakiwa wamechelewa zaidi ya hapo.

Lawama yangu kubwa kuliko zote inahusu watoto hao hao. Dawa ya maumivu mara kwa mara ilifika kutoka famasia baada ya kidonda kuoshwa, wakati ilipaswa kutolewa mapema ili iwe imeanza kufanya kazi mtoto anapofunguliwa bandeji. Sista alililalamikia jambo hilo kila wiki kwenye kikao cha idara, na mpaka ninaondoka lilikuwa bado linajadiliwa. Mwanafunzi anayekwenda huko ajue kwamba atasikia vilio ambavyo vingeweza kupunguzwa, na kwamba kumkumbusha aliye zamu aandike dawa mapema ni msaada wa kweli ambao hauhitaji cheo.

Thieta, kwa mwanafunzi, ni kusimama. Mbele yako kuna bingwa, daktari aliye katika mwaka wa mafunzo ya kazi, muuguzi wa vifaa na viwiko vyao, na unachokiona zaidi ni migongo. Ukibahatika utaruhusiwa kunawa, kuvaa gauni na kushika chuma cha kuvutia ukingo wa jeraha, kazi inayochosha mkono na isiyoruhusu maswali. Nilichokipata huko ni nidhamu ya usalama. Ukutani ilibandikwa orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2008, yenye hatua tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mtaalamu wa usingizi alitueleza, kwa fahari isiyofichika, kwamba miongoni mwa hospitali 8 zilizoijaribu mwanzoni, sambamba na za London, Toronto na Manila, ilikuwamo ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Na kwamba matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa upasuaji wa kupangwa orodha ile ilisomwa kwa sauti, neno kwa neno. Usiku, kwenye dharura, niliona ikijazwa haraka baadaye, jambo ambalo linanitia wasiwasi kwa kuwa mtu aliyechoka ndiye anayeihitaji zaidi.

Niliiona thamani yake siku ya upasuaji wa utumbo uliojisokota. Bingwa alikuwa ameshika sindano tayari kufunga tumbo, muuguzi akahesabu vitambaa vya gozi kwa sauti, akarudia, kisha akasema kimepungua kimoja. Bingwa aliirudisha sindano mezani bila neno. Walitafuta tumboni, kwenye ndoo na sakafuni, na mwishowe kitambaa kikapatikana kimejikunja ndani ya shuka la kumfunikia mgonjwa, karibu na nyonga. Muuguzi yule alikuwa mdogo kwa umri kuliko wote mle ndani isipokuwa sisi wanafunzi, na hakuna aliyemharakisha.

Jambo ambalo maelezo ya vyuo hayaligusi ni kuahirishwa kwa upasuaji. Wagonjwa wote wa orodha waliambiwa wasile wala kunywa tangu saa 6 usiku, awe wa kwanza au wa mwisho. Kanuni inayofahamika ni kuacha chakula chepesi kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji na maji matupu kwa muda wa saa 2, kwa hiyo mzee wa ngiri anayepasuliwa mchana hana sababu ya kukaukwa midomo tangu usiku. Kisha inafika saa 9 alasiri, dharura mbili zimeingia, au ndugu hawajachangia damu, na mzee anaondolewa kwenye orodha. Anayetumwa kumwambia ni mwanafunzi. Nilijifunza kwenda na taarifa kamili, yaani sababu ni nini, siku mpya ni ipi, na chakula kiko wapi sasa hivi, kwa sababu mgonjwa mwenye njaa hasikilizi pole peke yake.

Mengine nitayapitia haraka. Wanafunzi tulikuwa wengi mno, kutoka vyuo zaidi ya kimoja, na kwenye raundi walio nyuma hawakusikia lolote. Zamu za usiku zilikuwa na daktari mmoja aliyegawanyika kati ya wodi na mapokezi, hivyo usimamizi ulitegemea hisani yake. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, logibuku kama tunavyokiita, kilisainiwa na baadhi ya wasimamizi kwa mkupuo siku za mwisho bila kuuliza nani alifanya nini, na kwa mtindo huo aliyekuwa akijificha na aliyekuwa akijituma hutoka na kurasa zinazofanana. Ada ya mafunzo tulikuwa tumelipa kupitia chuo, lakini glovu tulijinunulia.

Wenzangu waliopangiwa hospitali kubwa ya kanda waliona upasuaji wa kichwa na wa kifua ambao mimi sikuuona, ila waliuona kwa mbali. Anayetaka kuendelea na masomo hadi awe bingwa wa upasuaji atanufaika na kuonja mazingira yale. Anayetarajia kupelekwa zahanati au kituo cha afya, ambako jipu, mshono na mguu wa kisukari vitamkuta akiwa peke yake, aombe hospitali ya mkoa, na siku ya kuripoti amwombe msimamizi wa idara aanzie chumba cha vidonda, kwa kuwa huko hakuna wa kugombania naye nafasi. Aende na saa yenye mshale wa sekunde na boksi lake la glovu, alinunue mjini. Maduka ya mbele ya geti huuza ghali.